Azalea kwenye ardhi ya matumbawe: kuishi ni jambo moja, kuchanua ni jingine

Ukinunua azalea bara ikiwa imejaa maua, ukaiteremsha hadi Lamu na kuipanda ardhini, dalili ya kwanza utaiona kwenye majani machanga. Jani jipya linatoka likiwa la manjano huku mishipa yake imebaki ya kijani, unaweza kuihesabu ukiwa umesimama. Majani ya zamani, yale ya chini ya tawi, bado yana rangi nzuri. Wiki zikipita, umanjano unakuwa weupe, ncha zinaungua, na kila chipukizi ni dogo kuliko lililotangulia. Mwenye bustani anaongeza samadi ya punda, maana Lamu samadi ya punda haimshindi mtu kupata. Mmea unazidi kudhoofu. Anaongeza maji ya kisima, unazidi. Jirani anamshauri atie jivu la jikoni, na baada ya hapo unakauka kabisa.

Kila hatua katika hizo ilifanywa kwa nia njema, na kila moja iliusukuma mmea upande ule ule mbaya. Bibi mmoja wa Langoni aliwahi kuniuliza, “Mwanangu, mbona maua ya bara yanatukataa?” Swali lake lilikuwa la haki kuliko majibu aliyokuwa amepewa, kwamba mkono wake ni mzito au kwamba upepo wa bahari haupendi maua. Sababu ipo, iko ardhini, na inaelezeka.

Ila kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyafunga pamoja. La kwanza ni kama azalea itaishi kwako. La pili ni kama itachanua. Kuishi kunategemea udongo na maji. Kuchanua kunategemea baridi. Mtu anaweza kushinda lile la kwanza kwa juhudi zake, akawa na kichaka cha kijani chenye afya, na bado akasubiri maua yasije. Asipojua kwamba ni masuala mawili, atarudi kuutesa udongo ambao hauna kosa tena.

Azalea ni mmea wa jenasi, yaani kundi la mimea ya karibu, iitwayo Rhododendron. Mwaka 1753 Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, aliziweka azalea katika jenasi yake peke yake. Mwaka 1834 mtaalamu wa mimea George Don akazirudisha ndani ya Rhododendron, na huko ndiko ziliko mpaka leo. Mwenye bustani atazitambua kwa stameni, vile vijiti vyenye chavua katikati ya ua: azalea nyingi zina tano katika kila ua, na ndugu zake wakubwa wana kumi au zaidi. Afrika tuna mimea ya ukoo wao, ile mierika inayofikia ukubwa wa miti kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro, lakini hakuna Rhododendron hata moja iliyoota bara hili bila kuletwa na mtu. Azalea za vyunguni tunazouziwa zimetokana zaidi na Rhododendron simsii ya China na nchi jirani zake, zikaja kuboreshwa na wakulima wa maua wa Ghent, Ubelgiji, katika karne ya 19 na ya 20.

Kwao ni milimani, chini ya miti, mahali penye mvua nyingi na tabaka nene la majani yaliyooza. Mizizi yake inaishi katika tabaka hilo. Ni membamba mno, haiendi chini sana, na haina vile vinyweleo ambavyo mimea mingi hutumia kunyonya chakula. Kazi hiyo inasaidiwa na kuvu maalumu wanaoishi ndani ya ngozi ya mzizi. Mfumo wa namna hii umezoea udongo mchachu. Haukuwahi kukutana na chokaa, kwa hiyo haukujifunza kupambana nayo.

Chokaa pande zote

Sasa tazama tulipo. Kisiwa cha Lamu, na Manda na Pate vilevile, ni mwamba wa matumbawe na mchanga uliochanganyika na makombe yaliyosagika. Matumbawe na makombe ni kitu kimoja kikemia: kalsiamu kaboneti. Nyumba za Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe hayohayo, zikapigwa plasta ya chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Bustani ya nyumba ya Kiswahili mara nyingi ni kiwanda, ule uwazi ulio katikati ya kuta. Kwa hiyo mmea uliopandwa kiwandani una chokaa chini yake, una chokaa ubavuni, na mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kutoka dari na kuta za zamani yanauongezea nyingine kutoka juu.

Kama hujui udongo wako ukoje, chukua kiganja kimoja cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukitoa povu na kuchirizika, una chokaa huru ndani yake, na hilo limekupa jibu kubwa kuliko vipimo vingi vya kununua. Usipotoa povu, bado pima kwa karatasi au kifaa cha pH, maana udongo unaweza kuwa na alkali bila kuchemka.

Kipimo cha pH kina 7 kama katikati. Chini ya hapo ni uchachu, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni mara kumi. Azalea inataka kati ya 4.5 na 6. Ardhi yenye chokaa huru huwa karibu na 8. Ukisikia “tano dhidi ya nane” unaweza kudhani ni tofauti ndogo. Ni mara elfu moja.

Kinachouumiza mmea hasa ni madini ya chuma. Bila chuma jani haliwezi kutengeneza ukijani wake. Chuma hakikosekani ardhini, hata mchanga wetu unacho, lakini ili mzizi ukinyonye lazima kiyeyuke ndani ya maji, na kwa kila hatua moja ya pH inayopanda, kiasi cha chuma cha aina ya kutu kinachoweza kuyeyuka hupungua takriban mara elfu. Mmea unakuwa katika hali ya mtu mwenye njaa aliyefungiwa nje ya ghala lililojaa nafaka. Ukiongeza nafaka ghalani, yeye hashibi.

Na ndiyo sababu majani machanga huumwa kwanza. Chuma kikishawekwa kwenye jani hakihami tena. Mmea hauwezi kukichota kwa jani la zamani na kulipa jipya. Naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kikuu cha samadi, inahama: ikipungua, mmea huinyang'anya majani ya zamani, nayo ndiyo yanayogeuka manjano kwanza, jani zima pamoja na mishipa. Nawasihi watu wajifunze kusoma tofauti hii kabla hawajagusa mfuko wowote. Manjano juu ya tawi na mishipa ya kijani: chuma kimefungwa. Manjano chini ya tawi, jani zima: mmea una njaa ya kawaida. Kingo za majani zilizoungua rangi ya kahawia, hasa baada ya siku za upepo mkali wa kusi au baada ya kumwagilia maji ya kisima kwa muda mrefu: hiyo ni chumvi, na dawa yake ni maji matamu ya kuisukuma itoke chini ya chungu.

Malindi hali si moja kila mahali, na hapo wenzetu wana nafuu. Ukanda wa karibu na ufuo una matumbawe na mchanga wa bahari kama kwetu. Lakini ukielekea ndani kidogo unakutana na udongo mwekundu wa kichanga, ule unaojulikana kwa jina la Magarini, na upande wa kusini magharibi kuna michanga ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Huo ni udongo uliooshwa na mvua kwa muda mrefu sana, chokaa yake imeshapungua au imekwisha. Mtu mwenye shamba huko anaweza kufanya majaribio ambayo mtu wa Shela hawezi. Msitu wenyewe ni wa hifadhi, udongo na majani yake havichotwi. Shamba lako au la mjomba wako ndilo la kuchota.

Dawa za mtaani

Nianze na jivu kwa kuwa ndilo baya kuliko yote. Jivu la kuni lina alkali kali. Kwa mchicha ulio kwenye udongo mchachu linafaa. Kwa azalea iliyo kwenye matumbawe ni sumu juu ya sumu. Samadi ya punda nayo, hata ikiwa imeoza vizuri, mara nyingi inaelekea upande wa alkali na inabeba chumvi. Mpe mpapai, mpe mrihani, vitashukuru. Azalea haiitaki, na mizizi yake myembamba inaungua upesi.

Misumari yenye kutu inayofukiwa shinani haisaidii, ingawa ukiangalia juu juu inaonekana ina mantiki. Kutu ni chuma cha aina ileile kisichoyeyuka. Umeongeza nafaka ghalani.

Machicha ya kahawa yana heshima kubwa mitaani, na Lamu, mji unaokunywa kahawa tungu asubuhi na jioni, hayakosekani. Lakini uchachu wa kahawa uko kwenye kikombe. Ukishapika, unga uliobaki unakaribia 7, hauna nguvu ya kushusha kitu. Ukiuchanganya na majani kwenye rundo la mboji unafaa kama chakula cha mboji, basi.

Maji ya ndimu ni suala la kuvutia zaidi. Ukikamua ndimu kwenye ndoo ya maji ya kisima, alkali ya maji hupungua kweli, na kipimo kitakuonyesha hivyo. Tatizo ni kwamba vijidudu vya udongoni huila ile tindikali ya ndimu, na wakimaliza, alkali inarudi. Kwa hiyo ndimu ni msaada wa kupita. Kama ndio msaada pekee ulio nao wiki hiyo, tumia, ila usiitegemee.

Shabu, ile inayotumika kutulizia maji machafu, inashusha pH haraka kwa sababu ya alumini iliyomo. Alumini hiyohiyo ikirundikana huiumiza mizizi ya azalea. Mimi siishauri.

Inabaki salfa, ambayo ndiyo dawa ya kweli, na ambayo wakulima wa korosho wanaijua kwa kazi nyingine: ndiyo unga wa manjano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Ukichanganywa na udongo wenye unyevu na joto, bakteria huugeuza polepole kuwa tindikali ya salfuriki. Kazi hiyo huchukua wiki hadi miezi, kwa hiyo mtu asiongeze kila Ijumaa akidhani ya kwanza haikufanya kazi.

Lakini salfa ina mpaka, na hesabu yake inafaa kufanywa mara moja ili isisumbue tena. Kila kilo ya chokaa inahitaji takriban gramu 320 za salfa ili imalizwe. Tuseme umechimba shimo lenye udongo wa kilo 100, na sehemu moja ya tano ya udongo huo ni chokaa. Hizo ni kilo 20. Utahitaji zaidi ya kilo 6 za salfa kwa shimo moja, na mpaka chokaa iishe, pH haitasogea kwa kiasi cha maana. Ukifaulu, mvua ya masika inayofuata italeta chokaa nyingine kutoka pembeni, kwa kuwa shimo lako limezungukwa na kisiwa kizima. Huwezi kukishinda kisiwa. Ukitaka azalea juu ya matumbawe, itenganishe na matumbawe.

Chungu, makumbi na maji ya mvua

Chungu ndio uamuzi wenyewe. Mengine yote ni kuulinda. Chagua chungu cha mfinyanzi, cha mbao au hata ndoo ya plastiki iliyotobolewa chini. Usichague cha saruji. Saruji mpya inavuja chokaa kila inapolowa, na vile vyungu vizuri vya saruji vinavyouzwa kando ya barabara vimemaliza azalea nyingi kimyakimya. Kiinue chungu juu ya vipande vya mbao ili mizizi isitoke kwenye matundu na kunywa maji yaliyopita sakafuni.

Cha kujazia ndani, pwani imejaaliwa makumbi ya nazi. Yakichambuliwa na kukatwakatwa, huwa na pH iliyo kati ya 5.5 na 6.8 hivi, yanashika maji bila kuzama, na hayaozi upesi. Kuna tahadhari moja, nayo ni ya kwetu hasa: makumbi yaliyofukiwa au kulowekwa baharini kwa ajili ya kusokotwa kamba yamejaa chumvi. Hata ya kawaida, kutoka mnazi wa ufukweni, yana chumvi yake. Yaloweke katika maji ya mvua, uyamwage, uyaloweke tena, na urudie mpaka maji yanayotoka yasiwe na ladha ya chumvi ulimini. Kisha changanya sehemu mbili za makumbi na sehemu moja ya mboji ya majani iliyoiva, na kama unaweza kupata udongo mwekundu wa ndani ya Malindi usiotoa povu kwa siki, nusu sehemu ya huo. Salfa kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa chungu cha lita 20, inaweza kuchanganywa humo mapema, mwezi mmoja kabla ya kupanda. Hapa salfa inafanya kazi, kwa sababu haina kisiwa cha kupambana nacho.

Unapopanda, usizamishe. Sehemu ya juu ya donge la mizizi ibaki usawa wa uso wa chungu au juu kidogo. Mmea uliotoka dukani mara nyingi mizizi yake imejisokota kwenye umbo la kopo; ichambue kwa vidole au uikate kwa kisu pande tatu, la sivyo itabaki kwenye donge lile la zamani, na maji utakayomwaga yatapita kando bila kuigusa. Funika juu kwa matandazo. Majani ya mvinje ni mazuri, yanaoza polepole na kupitisha maji.

Maji ndiyo yanayowashinda walio wengi. Lamu maji matamu ya chini ya ardhi yanaelea juu ya maji ya bahari, na vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyoyahifadhi. Visima vya mjini vingi vina chumvi, na hata maji yanayonyweka yamepita kwenye chokaa. Ule ukoko mweupe ndani ya sufuria ya chai ndio ushahidi. Ukimwagilia maji hayo chungu kilichoandaliwa kwa uangalifu wote huu, unakirudisha matumbaweni tone kwa tone, na baada ya miezi michache yale manjano yatakuwa yamerudi.

Maji ya mvua yana pH karibu 5.6 kwa asili yake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja, kwa hiyo paa la mabati la mita 20 za mraba likinyeshewa milimita 50, mvua ya siku mbili tatu za Mei, linakupa lita 1,000. Chungu cha kadiri kikiwa kivulini kitaridhika na lita kumi hivi kwa wiki. Kwa hesabu hiyo tangi moja linaweza kuvusha vyungu viwili kutoka mwisho wa masika hadi vuli. Kinga maji ya mabati au ya makuti. Ya makuti yana rangi ya kahawia, na hayana neno. Yaliyotoka kwenye dari la chokaa usiyatumie. Kiangazi cha Januari hadi Machi, wakati kaskazi inakausha kila kitu na tangi linakaribia kwisha, weka maji yaliyobaki kwa ajili ya azalea peke yake, na mimea mingine inywe ya kisima.

Mbolea iwe kidogo. CAN, ambayo maduka mengi ya pembejeo hukupa kwanza, ina chokaa ndani yake; iache. Omba salfeti ya amonia, wengine huiita SA: kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji, mara moja kwa mwezi wakati mmea unachipua. Ikiwa majani yameshageuka manjano, kuna unga wa chuma kilichofungwa kwa kiungo maalumu ili kisigeuke kutu. Soma lebo. Ulioandikwa EDTA hupoteza nguvu pH ikipita 6.5 hivi, ulioandikwa EDDHA unahimili udongo wenye alkali, na unayageuza maji kuwa mekundu sana. Ni wa bei, lakini kwetu huo ndio unaofanya kazi.

Weka chungu mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli kuanzia saa nne hivi, na ukuta uwe kati yake na bahari. Basi, umeshinda lile suala la kwanza.

Baridi isiyokuja

Azalea za jamii ya simsii hutunga vichwa vya maua wakati wa joto, nyuzi 18 au zaidi. Hapo hatuna shida. Lakini vikishatungwa vinalala, na ili viamke pamoja vinahitaji wiki kadhaa za baridi, chini ya nyuzi 10. Wakulima wa Ulaya huziweka kwenye vyumba vya ubaridi kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuzipeleka sokoni. Lamu usiku hauteremki sana chini ya nyuzi 22, hata kusi ikivuma. Kichwa kinakaa, kingine kinafunguka peke yake mwezi usiotarajiwa, vingine vinakauka bila kufunguka. Hakuna mbolea ya kuondoa hilo, na anayekuuzia “dawa ya maua” anakuuzia chupa.

Kuna kipimo rahisi cha kujua azalea inachanua wapi Kenya: angalia chai inastawi wapi. Mchai nao unataka udongo mchachu, na unapenda miinuko yenye ubaridi. Limuru, ambako chai ilipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903, iko juu zaidi ya mita 2,000, na usiku wa Julai huko unampa azalea karibu kila anachokitafuta. Mwenye bustani huko anapanda ardhini, anakwenda zake.

Kwetu pwani naona njia tatu za haki. Ya kwanza ni kuchagua aina zinazodai baridi kidogo. Zile zinazoitwa Southern Indica, kama 'Formosa' na 'George Lindley Taber', zinavumilia joto la Florida na ndizo ningejaribu kwanza kama ningezipata. Zitakupa maua, ingawa machache na yasiyofuata ratiba. Ya pili ni vireya, Rhododendron za milima ya kitropiki ya kusini mashariki mwa Asia, ambazo hazingoji baridi ili zichanue. Nyingi bado zinapenda ubaridi wa miinuko, lakini Rhododendron brookeanum ya Borneo huota hadi nyanda za chini, ikiwa imeng'ang'ania miti. Hiyo inahitaji mchanganyiko ulio wazi zaidi, makumbi makubwamakubwa na hewa kwenye mizizi.

Ya tatu ni kuuacha ugomvi huu na kupanda kinachotaka kuwa hapa. Mdagu una maua ya waridi yanayokaribiana sana na ya azalea kwa mtazamo, unahifadhi maji kwenye shina lake nono, unachanua jua likiwa kali, na haukasirikii kokoto za matumbawe. Na kama unachotafuta ni ua la nyumba, la kuwekwa kwenye kikuba na kufukiza chumba, azalea hazitakusaidia, maana nyingi hazina harufu. Asumini inayo. Mkilua unao, na ni wetu kabisa: kichaka cha pwani ya Kenya na Tanzania, cha pekee katika jenasi yake, kiasi kwamba mtaalamu wa mimea Verdcourt alipokiandika kisayansi mwaka 1970 alikipa jenasi jina hilohilo la Kiswahili. Inanisikitisha kuona mkilua ukipungua kwenye viwanda vyetu huku tukihangaika na mmea wa Ghent. Lakini mapenzi ya ua hayapangiwi, na anayetaka azalea nataka aipate.

Anayeitaka ajue pia kwamba ina sumu, jani na ua. Inaitwa grayanotoksini, na asali ya nyuki waliofyonza maua ya jamii hii imewahi kuwaangusha askari wa Kigiriki karibu na Trabzon, Uturuki, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Katika mji ambao mbuzi na punda wanapita uchochoroni, chungu cha azalea hakikai kwenye daka. Mbuzi aliyetafuna majani machache hutokwa mate, hutapika, na mapigo ya moyo yake hupungua. Mabaki ya kupogoa yafukie, usiyatupe nje ya mlango. Mdagu vilevile una utomvu wa sumu, uliokuwa ukipakwa mishale, kwa hiyo osha mikono.

Na kwa mwenye ndugu Limuru, Kinangop au Njoro, ipo njia nyingine ambayo chungu pekee ndicho kinachoiwezesha. Pogoa mmea mara tu maua yanapokwisha, usichelewe, kwa sababu vichwa vya msimu ujao vitatungwa kwenye machipukizi yatakayofuata. Uache utunge vichwa hapa pwani kwenye joto letu. Mwanzoni mwa Juni uufunge kwa gunia lenye unyevu, uupandishe basi, shangazi yako auweke barazani mwake penye kivuli mpaka katikati ya Agosti, akiumwagilia maji ya mvua. Urudishe vichwa vinapoanza kuonyesha rangi. Maua yakifunguka kwenye joto la Lamu hayatadumu muda ambao yangedumu bara, wiki mbili hivi badala ya nne. Chungu kikikaa chumbani penye upepo, mbali na dirisha la magharibi, utavuta siku kadhaa zaidi.